TAKATAKA ZA NYUMBANI: JE, KUZITENGA NI KAZI BURE?



Katika mkutano wa tawi letu hapa Old Kampala tulikuwa na mambo mawili tu ya kuzungumza: michango ya wanachama na glavu za wapakiaji wa taka. Jambo la kwanza lilikwisha upesi. La pili lilileta mabishano mpaka jua likazama, na ndiyo sababu tumeona tuliandike hapa ili na wenzetu ambao hawakuwapo walifikirie.

Kijana mmoja anayepakia taka kwenye lori alisimama akatuonyesha kiganja chake. Alikuwa ameinua kaveera nyeusi mlangoni mwa nyumba ya mtu, na ndani yake mlikuwa na glasi iliyovunjika, imefunikwa na maganda ya matooke. Alishonwa, akakaa nyumbani siku tisa, na mwajiri wake hakumlipa siku hizo. Akasema, "Kama watu wa nyumba ile wangeweka vigae vya glasi peke yake, mkono wangu ungekuwa mzima leo."

Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, akamjibu, "Mwanangu, pole sana. Lakini mimi nilitenga taka miezi mitatu. Maganda huku, chupa kule. Lori lilipofika, ninyi wenyewe mlizitupa zote pamoja. Sasa nilikuwa namtengea nani?"

Watu walimpigia makofi. Na sisi viongozi, tuseme kweli, tulikosa jibu siku ile.

Tulichukua wiki mbili kuzungukazunguka na kuuliza. Tulianza kilimani petu karibu na msikiti mkuu, tukateremka Kisenyi kwenye mizani ya vyuma chakavu, tukafika mpaka Katwe. Tuliyoyaona ni haya.

Kwanza, yule mama hakusema uongo. Taka zilizotengwa nyumbani zikitupwa katika lori moja zinachanganyika tena, na jasho lake linapotea. Mtu asidanganywe kwa mabango. Kutenga taka bila mahali pa kuzipeleka ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Pili, hata hivyo, si kweli kwamba watu wetu hawajui kazi hii. Wazee wanakumbuka chupa za soda za kioo. Ulipotaka kuondoka na soda dukani, uliacha chupa tupu au uliweka pesa ya chupa. Hakuna aliyetupa chupa hiyo, na hakuna aliyehitaji semina. Chupa ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na bei na ilikuwa na njia ya kurudi. Chupa ya plastiki ilipokuja bila bei na bila njia, tukaambiwa kwamba sisi ndio wachafu.

Kule Katwe mafundi wanayeyusha alumini kuukuu na kumimina sufuria. Hawafanyi hivyo kwa kupenda mazingira tu. Kuyeyusha alumini ya zamani hutumia kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu inayotakiwa kuitoa katika madini yake. Hapo faida iko wazi, na ndiyo sababu huwezi kuona sufuria iliyotoboka ikilala njiani siku mbili.

Chupa ya plastiki ni habari nyingine. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 25 hivi. Kwa hiyo ili upate kilo moja unahitaji chupa 40 mpaka 100. Familia moja ikikusanya mwezi mzima, pesa yake haifiki mbali. Anayemwambia mama wa nyumba kwamba atatajirika kwa chupa anamdanganya. Lakini nyumba 50 za mtaa mmoja zikiweka chupa zao safi pembeni, mtu mmoja anayeokota anapata mzigo bila kuingiza mkono kwenye uchafu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba ni cha mtaa.

Kaveera chafu hainunuliwi na mtu. Dawa yake ni kutoichukua dukani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania bara mwaka 2019. Kwetu Uganda, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza zile nyembamba chini ya maikroni 30, lakini sokoni bado tunafungiwa nyanya ndani yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, sehemu kubwa ya taka za nyumba za Kampala si plastiki. Ni maganda ya matooke, ya viazi na ya mihogo, majani na mabaki ya chakula. Ni vitu vizito vyenye maji. Ndivyo vinavyojaza gunia ambalo unalipia lichukuliwe, na ndivyo vinavyooza na kunuka. Lakini maganda yakiwa peke yake, bila wembe na bila kaveera, wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wa pembezoni mwa mji wanayataka. Yanaweza pia kuozeshwa yakawa mbolea.

Hapo ndipo tulipopata jibu la yule mama. Usitenge kwa ajili ya lori. Tenga kile ambacho hakina haja ya kupanda lori kabisa. Maganda yaende kwa mfugaji. Chupa ziende kwa mwokotaji. Kitakachobaki ni kidogo na chepesi, na gunia utakalolipia litachukua siku nyingi kujaa.

Wapo watakaosema, "Mimi nikishatoa taka nje ya mlango, shauri lao." Ndugu, shauri lao ni la nani? Kinachotupwa usiku kwenye mtaro wa Old Kampala huteremka na mvua mpaka mfereji wa Nakivubo. Mfereji ukiziba, maji yanaingia katika maduka ya wenzetu. Usipoziba, uchafu unafika Ziwa Victoria katika ghuba ile ile ambayo maji ya Gaba yanachotwa. Tunautupa mtaroni, na unaturudia bombani kwa gharama kubwa zaidi ya kuyasafisha maji.

Na kile kinachopanda lori, kilikwenda wapi? Tangu mwaka 1996 kilikwenda Kiteezi, wilaya ya Wakiso. Miaka ikapita, jalala likawa mlima. Maganda yaliyofukiwa bila hewa hutoa gesi inayowaka, na maji ya mvua hulegeza kila kitu. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo. Hatusemi kwamba ganda la mama mmoja ndilo lililowaua. Waliokuwa na madaraka ya kulifunga jalala lile mapema wana mzigo wao. Lakini mlima ule ulijengwa kwa magunia, na magunia yalitoka majumbani mwetu.

Basi mkutano wa pili tulikubaliana hivi:

Kila mwanachama nyumbani kwake atakuwa na vyombo viwili tu, cha maganda na cha mengineyo. Chupa zitatundikwa pembeni katika gunia. Glasi iliyovunjika, wembe na sindano vitatiwa katika kopo gumu lililofungwa, na mpakiaji ataambiwa kwa mdomo.

Wapakiaji hawatachanganya tena kilichotengwa. Nao wanaoachiwa chupa wagawane na waokotaji wa mtaa, kwa maana wale nao ni wafanyakazi ingawa hawana kadi.

Chama kitadai glavu na viatu kwa kila mpakiaji. Hiyo si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Na siku tisa za yule kijana tunazidai bado.

Mama yule alituuliza tena, "Na wakichanganya tena?" Tukamwambia aje ofisini atuambie tarehe na lori lenyewe. Akasema atakuja. Tunamjua, atakuja kweli.

Umoja ni nguvu.