Gari la umeme na LUKU ya msikiti

Alfajiri ya Jumatatu moja ya mwezi wa Shaaban, mtaa wetu hapa Tanga haukusikia adhana ya kipaza sauti. Mwadhini alisimama mlangoni akaadhini kwa sauti yake, na waumini waliokaa mbali wakapitwa na sala ya jamaa. LUKU ilikuwa imesoma sifuri. Haikuwa hitilafu: umeme ulikuwa umeliwa na gari, na aliyetoa ruhusa ni mimi, katibu wa kamati.

Gari lenyewe ni Nissan Leaf iliyotumika, kutoka Japani, mali ya mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Ni mzee wa kheri. Mgonjwa wa usiku hupelekwa hospitali na yeye, na wala haulizi nauli. Ila Mwalimu ni mpangaji, na nyumba yao ina mita moja kwa familia nne. Wanaojua maisha ya LUKU ya kuchangia hawahitaji maelezo. Usiku wa kwanza alipochomeka gari, majirani waliamka wakiwa gizani, na asubuhi mwenye pasi alisemwa, mwenye friji akasemwa, hatimaye wote wakaligeukia gari.

Akanijia baada ya Isha. “Mwanangu, nisitiri siku mbili tatu, nichaji hapa uani.” Nikamjibu, “Hapana neno, Mwalimu.” Sikumwuliza imamu wala mweka hazina. Siku mbili tatu zikawa usiku 11.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito. Mzee mmoja alinitetea kwa hoja ambayo wengi wetu tungeitoa: mbona simu zetu tunazichaji msikitini, hasa siku za itikafu, na hakuna anayeandikiwa? Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Betri ya gari lile lilipokuwa jipya ilibeba uniti 24. Sasa imechoka, inabeba kama 16, na kwa kuwa umeme kiasi hupotea njiani wakati wa kuchaji, kuijaza kutoka chini kunataka uniti 18 hivi. Umeme huo ungejaza zaidi ya simu 700. Hapo mzee akanyamaza, kisha akacheka mwenyewe.

Imamu hakutaka kurefusha. Alikumbusha kisa kinachosimuliwa cha Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyezima taa ya baitul-mali mazungumzo yalipogeukia mambo yake binafsi, nasi sote tukawa tumeelewa kabla hajamaliza. Fedha ya sanduku la Ijumaa hutolewa na watu kwa ajili ya taa, feni, pampu ya maji ya udhu na kipaza sauti. Katibu ameaminiwa kuitunza katika njia hiyo. Hakuaminiwa kuwafanyia watu hisani kwayo, hata akiwa anamfanyia mtu mwema. Wema wa Mwalimu ndio ulionipofua. Angekuwa mtu nisiyemjua ningempeleka kwenye kamati siku ile ile.

Tulilinganisha risiti za LUKU na za mwezi uliotangulia, tukapata ziada ya uniti 150. Kwa shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 52,500. Mwalimu alitaka kulipa zote. Nilimwomba aniachie nusu, kwa kuwa ruhusa ilikuwa yangu na yeye aliipokea kwa nia safi. Zimeingizwa kwenye daftari, na majina yote mawili yamo.

Fundi tuliyemwita akatuonyesha jambo lililotutisha kuliko deni. Plastiki ya soketi ya uani ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kwa moto. Pasi nayo huvuta umeme mwingi, lakini hujizima na kuwaka, na kazi huisha mapema. Gari huvuta kiasi cha ampea 10 kwa saa nane bila kupumzika, tena usiku watu wamelala. Sisi tulilipitishia kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, iliyoviringishwa chini ya mkeka wa chuo cha watoto. Nikikumbuka hilo huomba maghufira. Gari la umeme linataka soketi yake, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye bodi, swichi yake ya kukata umeme, na waya wa ardhini uliopimwa.

Kamati haikumfukuza Mwalimu. Imamu na wazee wawili walikwenda naye kwa mwenye nyumba, wakakaa barazani mpaka kahawa ikaisha, na mwenye nyumba akaridhia Mwalimu aombe mita yake mwenyewe. Sasa analala na gari lake dirishani. Akilijaza kwa shilingi 6,300 anapata kilometa 80 hivi. Zamani, kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, gari lake dogo lilimla mara tatu ya hapo.

Hata hivyo Muheza kwenda na kurudi haendi nalo bila wasiwasi. Leaf haina mfumo wa maji wa kupooza betri, na joto ndilo huizeesha. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Lake lilipofika vilikuwa tisa, na muuzaji hakumtajia. Anayetaka kununua avihesabu kwanza, na anayeuza avitaje, maana kasoro iliyofichwa huitia doa biashara hata kama bei ilikuwa nzuri.

Sasa vijana wawili wenye pikipiki za umeme wameleta barua: wanaomba kuchaji msikitini mwezi wa Ramadhani, baina ya futari na tarawehe, na wako tayari kulipa. Barua yao nimeiweka kwenye ajenda ya kikao cha Jumamosi. Mdomoni sikuwajibu kitu.