MILANGO MITATU YA PROGRAMU

Nina aibu. Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa tarakimu moja: 2.

Katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka wa 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Marekani, na pia katika Linux inayotumika kwenye kompyuta ya shule yetu, programu huanza kazi ikiwa na milango mitatu. Mlango 0 ni wa kuingizia habari, 1 ni wa kutolea majibu, na 2 ni wa kulalamikia mambo yakiharibika. Programu ikizaa nyingine, mtoto hurithi milango hiyo jinsi ilivyo, iwe wazi ama imefungwa.

Sasa sikilizeni kisa. Muhula uliopita niliandika programu ya kuita nyingine, ile inayoandika vitabu vilivyorudishwa kwenye maktaba ya chama. Malalamiko ya mlango 2 yalinichosha, basi nikaufunga kabisa kabla ya kumwita mtoto. Nikajiona mjanja kweli!

Kumbe faili ikifunguliwa hupewa nambari ndogo kabisa isiyo na mwenyewe. 0 na 1 zilikuwa na wenyewe, kwa hivyo faili ya vitabu ikapewa 2. Mtoto naye hakujua lolote. Alipotaka kulalamika, alilalamikia mlango 2 kama kawaida, na maneno yote yakamwagika ndani ya faili, juu ya majina ya wanafunzi! Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akaambiwa alipe kitabu alichokuwa amekirudisha. Alilia machozi.

Mwalimu wetu hakunichapa wala kunigombeza. Aliniuliza tu, "Ukichoshwa na kelele za jirani, utang'oa mlango wake?" Kisha akanionyesha dawa. Mlango usifungwe, bali uelekezwe kwingine. Waweza kuuelekeza kwenye /dev/null, shimo linalomeza kila kitu na halijai. Bora zaidi, uelekeze kwenye faili yake pekee, ili kesho usome mtoto alilalamikia nini.

Kitabu cha yule mvulana tulikipata rafuni, nami nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuzaa programu nahesabu kwanza: sufuri, moja, mbili. Nanyi wenzangu fanyeni vivyo hivyo. Kwaherini!