Plastiki Haiozi: Kitenzi cha Kuangalia katika Insha za Mazingira

Ndugu walimu, katika insha za mazingira tunazosahihisha kuna sentensi inayojirudia: "Kaveera ikitupwa ziwani huoza." Wengi wetu, nami nikiwamo, hubadilisha "kaveera" kuwa "mfuko wa plastiki" na kusonga mbele. Kosa kubwa limo katika kitenzi.

Kuoza ni kazi ya vijidudu, na kilichooza hugeuka kitu kingine. Plastiki humeguka tu. Jua huidhoofisha, mawimbi huisugua, hadi ibaki chembechembe zisizofika milimita 5, nyingine hazionekani kwa macho. Kila chembe bado ni plastiki. Zipo pia nyuzi za nguo za poliesta, ambazo huchomoka wakati wa kufua.

Ziwa Victoria lina tatizo la ziada. Maji yake mengi hayatoki kwa mto Nile pale Jinja, bali hupanda hewani kama mvuke. Plastiki haipandi na mvuke. Hubaki majini, huzama topeni au humezwa na samaki. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza: katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Ndio hao hao tunaowaita mputa na ngege huku Uganda. Matumbo yao twayatupa, lakini mukene, yaani dagaa, twamla mzima.