Sura ya Saba: Umeachiliwa Huru, Gharama Nani Atalipa?

Nchini Kenya, hakimu anayekuachilia huru hakupi chochote mkononi. Kesi nyingi za jinai huendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na zikianguka, korti hiyohiyo haiiamuru serikali ikurudishie ada ya wakili, nauli za kila mara kesi ilipotajwa, wala ujira wa siku ulizokosa kazini. Mlango mdogo upo pale mashtaka yalipoletwa na mtu binafsi: huyo akishindwa, hakimu anaweza kumwamuru alipe gharama zako za kiasi. Lakini kesi za aina hiyo ni chache mno. Kinachorudi bila vita ni pesa taslimu ulizoweka kortini kama dhamana. Hizo ni zako, na ajabu ni kwamba wapo wanaoziacha huko kwa sababu wamepoteza risiti au wamechoshwa na korti.

Mengine yote hutafutwa kwa kesi ya madai, tena kesi mpya. Hapo kuna madai mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kukamatwa na kuzuiliwa kinyume cha sheria. Tuchukue mchuuzi wa Kongowea, Mombasa, anayekamatwa Jumatatu asubuhi kwa kuzua rabsha, kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi 6. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Ibara hiyohiyo inasema kwamba kwa kosa la faini pekee, au la kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hawekwi rumande. Mchuuzi wetu akikaa seli hadi Alhamisi bila kumwona hakimu, ana madai mazuri, na haijalishi kama baadaye alipatikana na hatia au la. Si lazima athibitishe kwamba polisi walimchukia. Akishaonyesha kwamba alizuiliwa, ni wao wanaopaswa kueleza sheria iliwaruhusu vipi. Angekamatwa Ijumaa jioni hesabu ingebadilika: saa 24 zikiishia wakati korti imefungwa, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu. Kamatakamata za Ijumaa hazikuzuka kwa bahati mbaya.

La pili, kushtakiwa kwa nia mbaya, ni gumu zaidi. Vigezo vyake vinne vilipangwa vizuri na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Mbowa kutoka Uganda, iliyoripotiwa 1972, na majaji wa Kenya bado huitaja. Uonyeshe kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka. Kwamba hakuwa na sababu ya msingi ya kuyaanzisha. Kwamba aliongozwa na nia mbaya. Na kwamba kesi iliisha kwa faida yako. Wengi huwa na kigezo cha mwisho tu mkononi, wakadhani kinatosha. Jaji hatauliza kama ulikuwa na hatia. Atauliza kama afisa mwenye busara, kwa taarifa alizokuwa nazo siku ile, angeweza kuamini kwamba unayo. Shahidi asipofika na ukaachiliwa, hilo halithibitishi chuki ya mtu yeyote. Na mashtaka yakiondolewa tu bila wewe kutangazwa huna hatia, serikali inaweza kuyarudisha, na wakili wa upande wa pili hatakosa kulisema hilo.

Jirani aliyepiga ripoti naye? Kuripoti peke yake si kosa, hata akiwa amekosea. Anaingia matatani akiwa ameripoti jambo alilojua ni uongo.

Ada uliyomlipa wakili katika kesi ya jinai inaweza kudaiwa hapa kama hasara mahususi, lakini lazima itajwe kwa kiasi chake katika hati ya madai na ithibitishwe kwa risiti. Ulilipa mkononi bila karatasi, sahau. Maumivu, aibu na kuvunjiwa heshima hukadiriwa na hakimu mwenyewe, kwani Kenya haina bei maalum ya siku moja ya seli. Ujerumani ina kiwango: tangu 2020 ni euro 75 kwa siku. Naona hilo ni bora kuliko bahati nasibu yetu.

Madai haya dhidi ya serikali yana muda wa miezi 12 tu. Ya kushtakiwa kwa nia mbaya huhesabiwa tangu kesi ya jinai ilipoisha. Ya kukamatwa hayangoji hukumu, na hapo ndipo wengi hupotelea. Korti ya madai madogo nayo haiwezi kukusaidia kwa kushtakiwa kwa nia mbaya, maana sheria yake imeyataja na kuyakataza. Aliyechelewa anaweza kwenda Mahakama Kuu kudai kuvunjiwa haki za kikatiba, ambako muda huo haumfungi, ila akichelewa bila maelezo hatasikizwa vizuri.

Ukishinda, bado safari ipo. Mali ya serikali haipigwi mnada. Unachukua cheti cha amri ya malipo, unakipeleka kwa Mwanasheria Mkuu, na pesa zisipotoka unarudi kortini kuomba amri ya kumshurutisha katibu wa wizara husika. Kwa kesi ya rabsha sokoni, gharama ya kufika hapo inaweza kuipita fidia yenyewe, na kwa hilo sheria yetu imewaonea wanyonge.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kushtaki. Kama kesi yako imeisha hivi karibuni, chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa na ya mwenendo wa kesi, andika nambari yako ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), kusanya risiti zote, kisha umwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria wiki hii.