Pareto inayoua kunguni, inaua na samaki

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

UA la pareto si geni kwa mtu yeyote anayeishi katika nyanda za volkano. Ni ua jeupe lenye moyo wa njano, Wanyarwanda wanaliita ibireti. Linachumwa kwa mkono, linaanikwa juani, kisha linapelekwa kiwandani Musanze. Ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania walilikuta Iringa na Arusha, waliokulia Kenya walilikuta Nakuru na Kisii, na waliotoka ng'ambo ya Goma waliliona katika mashamba ya Kivu ya Kaskazini. Wote hao ukiwauliza watakujibu jambo moja: dawa ya ua hili inaua wadudu na haimdhuru binadamu.

Sehemu kubwa ya jibu hilo ni kweli. Kasoro yake ni kwamba linamtaja mdudu na linamtaja mtu, halafu linamsahau samaki.

Nimelazimika kuyaandika haya kwa sababu ya bwawa moja hapa Kanzenze. Mwenye bwawa ni mzee aliyerejea nchini na familia yake baada ya miaka mingi ugenini, akachimba bwawa la are moja bondeni na kupanda tilapia. Asubuhi moja aliniita niende kuona. Samaki walikuwa wanaruka nje ya maji bila ya kufukuzwa na kitu. Wengine walikuwa wanazunguka kwa ubavu kama pia. Wengine walitetemeka kuanzia kichwani mpaka mkiani, matamvua yamefunguka wazi, kisha wanatulia kama waliokufa, kisha wanatetemeka tena. Kabla ya saa sita mchana wengi wao walikuwa wamegeuza matumbo juu.

Jirani mmoja alisema huo ni utupa, kwamba kuna mtu mwenye wivu amekuja usiku na majani. Mwingine alisema ni uchawi. Mimi nilifuata mfereji unaoingiza maji bwawani, na hatua kama mia mbili juu nikamkuta kijana aliyekuwa amemaliza kunyunyizia maharage yake dawa. Bomba la mgongoni alikuwa amelisuuza kwenye mfereji uleule. Kopo lilikuwa bado pale chini, limeandikwa kuwa dawa hiyo imetokana na pareto.

"Mzee, hii ni dawa ya maua," aliniambia kwa heshima. "Walionifundisha walisema hata ng'ombe akila majani hadhuriki."

Kijana hakusema uongo. Ng'ombe hadhuriki kwa kiasi kile, na hata makapi ya pareto yanayobaki kiwandani hutumika kulishia mifugo. Tatizo ni kwamba samaki si ng'ombe.

Tuangalie sumu hii inavyofanya kazi. Ndani ya ua kuna kemikali za aina sita ambazo kwa pamoja huitwa pairethrini, na ua lililokauka vizuri huwa na kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya kemikali hizo. Sasa, mshipa wa fahamu wa kiumbe chochote, awe nzi, samaki au waziri, unapeleka habari kwa kufungua na kufunga milango midogo inayopitisha chumvi ya sodiamu. Mlango ukifunguka habari inapita, ukifungwa mshipa unapumzika. Pairethrini inaushika mlango usifunge. Ni sawa na pikipiki ambayo waya wake wa mafuta umekwama: injini inanguruma yenyewe na dereva hana la kufanya. Mshipa unatuma habari bila kukoma, misuli inakaza na kulegea ovyo, na kiumbe anashikwa na degedege. Nzi anaanguka chini akizungusha mabawa. Samaki anazunguka kama pia.

Zipo sumu nyingine za mimea zinazoleta degedege kwa njia tofauti. Wahindi wana tunda la mtambaa uitwao Anamirta cocculus, ambalo wavuvi wa Asia wamelitumia tangu zamani kulevya samaki. Sumu yake, pikrotoksini, ilitenganishwa na Mfaransa Pierre Boullay mwaka 1812. Hiyo haikwamishi mafuta bali inakata breki, kwa maana inazuia ile kemikali ya ubongo inayotuliza mishipa. Matokeo yanafanana: mtikisiko, kupoteza mizani, kifo. Msomaji atashangaa kusikia kwamba watengenezaji wa pombe wa Uingereza waliwahi kulitia tunda hilo ndani ya bia ili ilevye upesi, mpaka sheria ya mwaka 1816 ikawapiga marufuku hata kuwa nalo kiwandani.

Turudi kwenye pareto. Kwa nini samaki anaumia namna hii na ng'ombe anasalimika? Kwanza ni matamvua. Samaki hupitisha maji mengi juu ya ngozi nyembamba sana ili apate hewa, na sumu iliyomo ndani ya maji huingia moja kwa moja kwenye damu. Pili ni ini. Mtu, ng'ombe au kuku akimeza pairethrini kidogo, mwili wake unaivunja haraka na kuitoa. Ini la samaki linafanya kazi hiyo polepole mno, na wakati linahangaika, ubongo umekwishafikiwa. Tatu, samaki hana pa kukimbilia.

Vipimo vya maabara vinatisha. Kwa samaki wengi wa maji baridi, nusu yao hufa ndani ya siku 4 maji yakiwa na mikrogramu chache tu hadi makumi kadhaa ya pairethrini katika kila lita. Tupige hesabu ya sokoni. Bwawa la are moja lenye kina cha mita moja lina lita 100,000. Gramu 5 za pairethrini halisi, uzito wa kijiko cha chai, zikienea humo zinatoa mikrogramu 50 kwa kila lita. Ni kweli kwamba dawa ya dukani imezimuliwa na kwamba pairethrini haiyeyuki vizuri ndani ya maji, kwa hiyo kijiko cha chupa si kijiko cha sumu halisi. Lakini mfereji mwembamba si bwawa. Masuuzo ya bomba yakiingia humo yanateremka pamoja kama fungu moja, na samaki waliokusanyika mdomoni mwa bwawa kungoja chakula ndio wanaoyapokea.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa juu zaidi kuliko watu wa Bugarama au wa Bujumbura. Sumu ya jamii hii huwa kali zaidi kwenye maji ya baridi. Mwili wa samaki ukiwa wa baridi, kazi ya kuivunja sumu inazidi kuzorota na ile milango ya mishipa inazidi kukwama. Maji ya vilima vyetu ni ya baridi, hasa alfajiri, na alfajiri ndipo wakulima wengi wanapopenda kunyunyizia. Vifaranga vya samaki navyo hufa kabla ya wakubwa.

Sipendi msomaji aelewe kwamba pareto ni adui. Ua hili lililotoka Dalmatia, pwani ya Kroatia, limewalisha watu wengi huku kwetu. Limetugharimu pia: mwaka 1969 karibu hekta 10,000 za Hifadhi ya Volkano zilikatwa zigawiwe kwa wakulima wa pareto. Na lina sifa moja kubwa, jua linaiharibu sumu yake haraka, mara nyingi ndani ya saa chache au siku moja hivi. Yule mzee wa Kanzenze alifunga mfereji, akaingiza maji safi kutoka upande mwingine, na hakupanda vifaranga vipya mpaka zilipopita wiki kadhaa. Vilikua.

Angekuwa na bahati mbaya zaidi kama kopo lingekuwa la dawa za viwandani zilizoigwa kutoka kwa pareto. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, sumu iliyoiga pairethrini lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Baadaye zikaja sipamethrini na deltamethrini. Hizi ndizo zilizomo katika dawa nyingi za mboga, katika majosho ya kupe, na katika vyandarua vya mbu. Kwa samaki ni kali kama ua lenyewe au kulizidi, na zinaganda kwenye matope ya chini. Wale wanaovua isambaza na vifaranga kwa chandarua cha mbu kando ya Kivu wanafanya makosa mawili kwa pamoja: tundu la wavu ni dogo mno, na uzi wenyewe una dawa.

Na huo utupa je, ambao jirani aliutaja? Utupa, kwa Kinyarwanda umuluku, ni mmea tofauti na unaua kwa njia tofauti. Sumu yake ni rotenoni, na haigusi milango ya mishipa ya fahamu. Inazuia chembe za mwili zisitumie hewa zilizokwisha kuipata. Samaki wa utupa hapigi degedege kama wa pareto. Anapanda juu akitwetatweta, analegea, anashikwa kwa mkono. Akiwahiwa na maji safi, mara nyingine anapona. Babu zetu pande zote mbili za ziwa waliutwanga na kuutia kwenye vijito, wakala samaki wale, kwa kuwa tumbo la mtu linaipokea rotenoni kidogo sana. Waliorejea kutoka vijiji vya Masisi au Walikale wanaujua mchezo huu vizuri kuliko mimi.

Hatari ilianza pale kopo la dukani lilipochukua nafasi ya majani. Wafanyabiashara waliokuwa Uganda, Kenya au Tanzania mwaka 1999 hawajasahau. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kuwa wapo wavuvi waliokuwa wakimwaga dawa za wadudu majini ili kupata sangara kwa urahisi. Viwanda vya minofu vilisimama, na hata mvuvi ambaye hajawahi kushika sumu alikosa mnunuzi. Hiyo ndiyo sura ya jambo hili inayomhusu mchuuzi anayevuka Petite Barrière na beseni kichwani. Habari ikienea kwamba samaki wa upande fulani wamekufa kwa sumu, hakuna atakayeuliza kama ni wa bwawa, wa mto au wa ziwani.

Sheria zipo. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 kuhusu ufugaji wa samaki na uvuvi ilikataza kuvua kwa sumu, kama ilivyo kwa Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003. Sheria ya mazingira ya Rwanda ya mwaka 2005 iliweka umbali wa mita 10 kutoka ukingo wa mto na mita 50 kutoka ziwani pasipolimwa. Lakini mfereji wa shamba haukutajwa kwa jina na mtu yeyote, na maji yake nayo huteremka. Huku Rubavu maji mengi ya vilima huishia Sebeya, na Sebeya huishia Kivu.

Kivu lenyewe, lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,300 na kina cha mita 485, haliwezi kuuawa na bomba la kijana wa Kanzenze. Isambaza, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi katikati ya maji mapana na hawana habari naye. Walio hatarini ni tilapia wanaozaliana ufukoni karibu na midomo ya mito, samaki wa vizimba, na wale wa mabwawa yetu.

Kwa wanaonunua ili wauze, dalili za kuangalia si siri. Fungu la samaki lenye kila ukubwa, kuanzia wa kiganja mpaka wa ukubwa wa punje ya maharage, halikutoka kwenye wavu wa halali. Nendeni mkaangalie maji yenyewe kama mko karibu: sumu za aina hii haziwachagui samaki peke yao, zinaua kaa, viluwiluwi na wadudu wa majini, na wote wataonekana wakielea pamoja. Samaki wa namna hiyo asinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Hakuna anayejua kopo lilikuwa na nini zaidi ya pareto, na kupika hakuondoi sumu za viwandani.

Kwa wanaonyunyizia, kazi ni ndogo. Maji ya bomba yachotwe kwa ndoo, bomba lisiingizwe mtoni. Masuuzo yamwagwe shambani palepale ulipomaliza kunyunyizia, mbali na mfereji, ambako udongo utayashika na jua litayamaliza. Na mwenye bwawa chini yako apewe habari jioni ya kabla, afunge mlango wa maji mpaka kesho yake. Yule kijana wa maharage sasa hupita kwa mzee kila anapotaka kunyunyizia. Mara ya mwisho nilipowakuta walikuwa wanabishana kuhusu bei ya vifaranga, kwa sababu naye anataka kuchimba bwawa lake.