Raga ya Quincy: Unalipia Nini, na Ulipe Vipi

Mwenzetu anayeishi Massachusetts akitaka kuwapeleka watoto kutazama mchezo wa kulipwa, majina yanayomjia kwanza ni yaleyale: Celtics, Red Sox, Patriots, Bruins. Timu kubwa, bei kubwa. New England Free Jacks hutajwa mwisho, kama watatajwa, ilhali ni klabu ya raga iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Marekani, Major League Rugby, mara 3 mfululizo: 2023, 2024 na 2025. Hakuna klabu nyingine ya ligi hiyo iliyowahi kufanya hivyo. Nyumbani kwao ni Quincy, mji ulioshikana na Boston upande wa kusini, kwenye Veterans Memorial Stadium, uwanja wa maelfu machache tu ya watu.

Kwa jamii yetu ya watu wa Afrika Mashariki mjini Lowell na Worcester, raga si kitu kigeni. Aliyekulia Nairobi anaijua Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande, anaujua uwanja wa RFUEA pale Ngong Road, na pengine ana ndugu aliyewahi kuvunjika kidole akicheza shuleni. Tofauti na Safari Sevens, hapa wanacheza 15 kwa 15, dakika 80, kwa hiyo siku ya mechi ni ndefu na matumizi yake yanahitaji kupangwa.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa familia yenye watoto wadogo, sioni mchezo wa kulipwa Boston unaokurudishia thamani ya pesa yako kama raga ya Quincy, ila ukinunua mechi mojamoja. Tiketi ya msimu ni jambo jingine kabisa, na nitaeleza kwa nini ningemsihi mtu wa zamu afikiri mara mbili.

Tuanze na tiketi yenyewe. Kwa miaka mingi ulikuwa ukiona bei nzuri, unachagua viti, unaandika jina na namba ya kadi, halafu kwenye ukurasa wa mwisho inachomoza ada ya huduma, ada ya uwanja, ada ya kuchakata malipo. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, inamtaka kila muuzaji wa tiketi za michezo na tamasha aonyeshe jumla yenye ada zote za lazima tangu bei inapotajwa mara ya kwanza. Jimbo la Massachusetts nalo liliweka kanuni zake za kupinga ada za kificho kuanzia tarehe 2 Septemba 2025. Kanuni hiyo ya FTC inawabana pia wanaouza tiketi kwa mkono wa pili. Kwa hiyo unaweza kufungua ukurasa wa klabu na ule wa mlanguzi kwenye simu moja, ukalinganisha jumla kwa jumla. Ukiona mahali bei inapanda katikati ya malipo, achana napo. Na kwa uwanja wa ukubwa huu, ni nadra kupata sababu ya kumtajirisha mlanguzi: anza na klabu yenyewe.

Kiti gani? Hapa ndipo raga inapoishinda Gillette Stadium ya Foxborough, nyumbani kwa Patriots, inayochukua zaidi ya watu 60,000. Pale Gillette, kiti cha bei nafuu kinakupandisha juu kabisa, na nusu ya mchezo unaishia kuutazama kwenye skrini kubwa. Quincy, kiti cha bei ya chini kabisa bado kinakuweka mahali unapowasikia wachezaji. Skramu ikiitwa, mafowadi wanane wa kila upande wanakamatana, mwamuzi anatoa amri zake moja baada ya nyingine kwa sauti ya taratibu, halafu unasikia mabega yakigongana na pumzi zikitoka kwa pamoja. Mtoto wa miaka 7 hahitaji kuelezwa sheria ili ashikwe na kitu kama hicho. Kwa sababu hiyo, kulipa zaidi kwa kiti cha katikati ni anasa tu. Pesa hiyo inunulie chakula.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye tiketi, nayo ni baridi. Msimu wa 2025 ulianza Februari, na upepo unaotoka ghuba ya Quincy mwezi Machi haumwonei mtu huruma. Ukikaa kwenye benchi la uwanja wa wazi dakika 80 bila blanketi, utatumia kwenye vinywaji vya moto kile ulichookoa kwenye kiti. Mwenye watoto achague mechi za Mei na Juni.

Sasa safari, kwa maana hapa ndipo familia nyingi zinapopotezea pesa bila kujua. Chukua wazazi wawili na watoto wawili wa chini ya miaka 12, wanatoka Lowell siku ya Jumamosi. Treni ya komyuta ya MBTA, shirika la usafiri wa umma la eneo la Boston, kutoka Lowell hadi North Station ni dola 10.50 kwa mtu mzima, kwenda tu. Kwenda na kurudi kwa wazazi wawili ni dola 42. Lakini ipo pasi ya wikendi ya dola 10, inayokupandisha treni yoyote ya komyuta Jumamosi na Jumapili, mara nyingi upendavyo. Wazazi wawili, dola 20. Watoto wa miaka 11 na chini husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa. Ukifika North Station unahamia treni ya mjini ya Orange Line, unabadilisha Downtown Crossing kuingia Red Line ya kuelekea Braintree, na nauli ni ileile moja ya dola 2.40, kwa sababu hutoki nje ya stesheni. Unashukia Wollaston au Quincy Center, unamalizia kwa miguu. Kwenda na kurudi kwenye treni hizi za mjini, wazazi wawili, dola 9.60. Jumla ya usafiri wa watu wanne ni dola 29.60. Bila pasi ingekuwa 51.60. Wa Worcester anapata hesabu ileile kwa pasi, tena kwa raha zaidi, maana treni yake inaishia South Station ambako Red Line iko chini ya miguu yake.

Je, gari? Lowell hadi Quincy na kurudi ni karibu maili 80. Mtu atakwambia ni mafuta ya dola 10 tu, na kwa pesa inayotoka mfukoni siku hiyo yuko karibu na ukweli. Ila gari huliwa na barabara: matairi, oili, bima, thamani inayoshuka. Kiwango ambacho mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilikubali kwa maili moja ya safari ya kikazi mwaka 2025 kilikuwa senti 70, na kwa maili 80 hiyo ni dola 56. Sisemi kila familia ihesabu hivyo. Mwenye watoto watatu wenye usingizi saa tatu usiku ana haki ya kupenda gari lake, na treni za wikendi hupishana kwa muda mrefu, ukikosa moja unakaa kuisubiri nyingine. Lakini ukiwa na gari la viti 7 na jirani zako wakachangia, gari linashinda treni bila ubishi. Ukiwa peke yako au wawili, panda treni.

Linganisha na wakubwa wengine. Celtics na Bruins wanacheza TD Garden, juu ya North Station penyewe, kwa hiyo kwa mtu wa Lowell hakuna uwanja rahisi kufikika kama huo. Unachookoa kwenye nauli, tiketi inakichukua mara kadhaa. Patriots wana treni yao maalumu kutoka South Station, dola 20 kwenda na kurudi kwa kichwa, lakini kabla ya hapo lazima ufike South Station, na mlangoni usiwe na mkoba wa kawaida: ligi yao inaruhusu mkoba wa plastiki unaoonyesha kilichomo, au pochi ndogo tu. Uwanja wa Fenway wa Red Sox ndio mshindani wa kweli wa raga kwa bei, hasa mechi za katikati ya wiki mwezi Aprili. Anayependa besiboli sina la kumbishia. Ila mtoto asiyeijua besiboli atachoka kabla ya saa mbili kwisha.

Nije kwenye tiketi ya msimu. Klabu yoyote itakupigia hesabu kwamba kila mechi inakuwa nafuu. Kabla ya kukubali, gawanya bei kwa idadi ya mechi utakazohudhuria wewe, usigawanye kwa idadi ya mechi za nyumbani. Wengi wetu huku tunafanya kazi za uuguzi na kutunza wazee, na zamu ya wikendi moja baada ya nyingine ni kawaida. Ukikosa nusu ya mechi, punguzo lote limekwisha, na unabaki umelipa zaidi ya aliyenunua mlangoni. Uliza pia kama mechi za mtoano zimo. Fainali ya 2025 Free Jacks hawakuichezea Quincy. Waliichezea Pawtucket, Rhode Island, wakawafunga Houston SaberCats 28 kwa 22. Ilikuwa Jumamosi, na treni ya komyuta ina stesheni Pawtucket, kwa hiyo pasi ileile ya dola 10 ilitosha kwa treni zote za komyuta.

Zaidi ya zamu kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni uhai wa klabu zenyewe. Ligi hii ilianza kuchezwa 2018 ikiwa na timu 7, na tangu hapo makaburi yake ni mengi. LA Giltinis walikuwa mabingwa 2021; mwaka uliofuata wakaondolewa kwenye mashindano na hawakurudi. Rugby New York walikuwa mabingwa 2022. Wakabadilisha jina wakawa New York Ironworkers, na Desemba 2023 wakafungwa. Toronto Arrows walikuwa wametangulia mwezi mmoja, Novemba 2023. Dallas Jackals wakafuata 2024. Baada ya msimu wa 2025 NOLA Gold na Miami Sharks wakajitoa, na timu ya San Diego na timu nyingine ya Los Angeles zikaungana kuwa California Legion. Sababu ni ileile karibu kila mara: wenye klabu wanaingiza pesa nyingi kuliko zinazorudi, na mmoja akichoka au akifariki hakuna wa kuushika mzigo. Free Jacks wamesimama imara kuliko wengi, na nawaombea mema kwa dhati. Lakini ubingwa haukuwaokoa wale wa Los Angeles wala wa New York, na timu zikipungua, mechi za nyumbani nazo zinaweza kupungua.

Tazama miezi ambayo Toronto na New York walifungwa: Novemba, Desemba. Hapo ndipo klabu huwa zinauza tiketi za msimu ujao. Aliyelipa Septemba kwa kadi ya debiti anategemea kanuni za benki na kampuni ya kadi yake, au huruma ya klabu iliyofungwa. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo ana sheria ya kusimamia: sheria ya serikali kuu inamruhusu kupinga kwa maandishi malipo ya kitu ambacho hakukipata, ndani ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Siku 60 ni chache. Ukilipa Septemba na klabu ikafa Desemba, huenda zimeshapita, na hapo unategemea kanuni za kampuni ya kadi, ambazo wakati mwingine huhesabu tangu siku huduma ilipotakiwa kutolewa. Kama lazima ununue msimu, nunua kwa kadi ya mkopo, nunua karibu na mechi ya kwanza, na chagua kulipa kidogokidogo kama klabu inaruhusu. Punguzo la wanaowahi si kubwa kiasi cha kukufanya uikopeshe klabu pesa zako miezi mitano bila riba.

Anayetaka kutazama akiwa nyumbani, msimu wa 2025 mechi zilikuwa ESPN+, ambayo wakati huo ilikuwa dola 11.99 kwa mwezi. Lipia mwezi mmoja, wa mwisho wa msimu, kisha ukatishe siku ileile. Huduma inaendelea mpaka mwezi uishe. Na kuna raga ya ridhaa, ambayo sielewi kwa nini haitangazwi kwetu. Klabu ya Mystic River inacheza Pine Banks Park, Malden, karibu na stesheni ya Oak Grove ya Orange Line. Utasimama kando ya mstari wenyewe, na mtoto wako akiupenda mchezo, hapo ndipo pa kuuliza anaweza kuanza wapi.

Kwa kanisa, chama au kikundi cha mtaa, msinunue tiketi moja moja kwenye simu. Pigeni simu ofisi ya klabu, semeni mko wangapi, ombeni bei ya kundi kwa mechi moja ya Mei, na ulizeni mambo matatu: watoto wa umri gani wanaingia bure, chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, na mechi ikiahirishwa kwa mvua ya radi tiketi inahamia tarehe gani. Waombeni majibu kwa barua pepe kabla ya mweka hazina kutoa namba ya kadi.