Mizabibu ya Naivasha na Mkasi wa Mpogoaji

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Nairobi, akishaipita Gilgil na kuukabili mlima Longonot, aghalabu macho yake huvutwa na ziwa la Naivasha na mabanda ya maua yaliyolizunguka, asitambue kwamba pale Morendat, katika udongo mwepesi wa majivu ya volkano, imo mizabibu yenye nasaba ya Ufaransa. Shamba hilo, lililo mali ya Kenya Nut Company, ndilo litoalo mvinyo uitwao Leleshwa, kwa jina la kichaka kile cha majani ya kijivu na harufu ya kafuri kimeacho kote katika Bonde la Ufa.

Zabibu nyeusi iliyo mashuhuri hapo ni Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah, na maskani yake ya kale ni bonde la mto Rhône, hasa kilima cha Hermitage. Huko, katika latitudo ya digrii 45 kaskazini, mzabibu hupukutisha majani ukalala majira yote ya baridi. Naivasha, iliyo karibu mno na ikweta, haina baridi ya namna hiyo; mzabibu ukiachiwa nafsi yake ungechipua bila kikomo, tawi moja likiwa na maua na jingine na zabibu mbivu, hata mvunaji asijue aanzie wapi. Hapo ndipo mkasi wa mpogoaji hushika nafasi ya majira: matawi hukatwa, yakabaki macho machache tu, na miezi ya kungoja mavuno huhesabiwa tangu siku ile. Ama joto la ikweta, huliwazwa na mwinuko wa mita zipatazo 1,900, kwani jua la mchana huzidisha sukari ya tunda na ubaridi wa usiku huuhifadhi uchachu wake.

Kuhusu utengenezaji, ambao hata msomaji asiyeonja kileo, kwa dini au kwa hiari, hana hasara kuujua, yafaa ifahamike kwamba maji ya zabibu nyeusi, zikikamuliwa papo hapo, hutoka karibu meupe. Wekundu wote umo katika maganda. Basi zabibu hupasuliwa, vikonyo vikatengwa, na maganda yakaachwa ndani ya maji hayo wakati hamira inapoigeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni. Hewa hiyo huyainua maganda yakafanya tabaka nene juu, la rangi ya zambarau iliyokoza, ambalo halina budi kuzamishwa au kumwagiwa mvinyo mara kadhaa kwa siku, la sivyo hukauka na kualika siki. Muda wa maganda kukaa humo ndio kadhi wa mambo: ukipungua, mvinyo huwa hafifu, ukizidi, huwa kama chai iliyosahauliwa jikoni, yenye ukakasi ushikao ulimi. Mapipa ya mwaloni, ambayo watu huyasifu kupita kiasi, huja baadaye, nayo hayawezi kuisahihisha kazi iliyoharibika hapo awali.

Kwa rai yangu, wadhulumu ni wale waidaio Naivasha uzito wa Hermitage, ilhali neema ya mahali hapa ni wepesi na uchangamfu. Anywaye mvinyo huu na aupoze kidogo, kiasi cha digrii 16, kabla ya kuuhukumu.